Taa za Tahadhari katika Gari Kongwe

Katika miji ya Kigoma na Ujiji, kama ilivyo mahali pengi nchini Tanzania, magari mengi yafanyayo kazi kila siku ni makongwe. Mengi yao yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, nayo huendelea kutumika hata kipimo cha mwendo kikaonyesha kilomita 300,000 au zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa njia ya reli ni takriban kilomita 1,250. Kipuri kisichopatikana katika maduka ya mjini hakina budi kusafiri mwendo huo, na wakati huo gari hulala gereji, mwenyewe akikosa riziki. Kwa hiyo kujua maana ya taa ndogo zinazowaka mbele ya dereva si anasa. Ni fizikia na kemia ya darasani inayoweza kuokoa injini, na pengine maisha ya abiria.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba taa ya tahadhari hutaja dalili tu, wala haitaji chanzo. Ni kama homa: homa humjulisha mganga kwamba mwili una taabu, lakini haimwambii kama taabu hiyo ni malaria au kidonda. Jambo la pili ni kwamba taa nyingi huwaka baada ya hali kuwa mbaya. Mwenye gari kongwe anayeingoja taa ndipo achukue hatua huwa amekwisha kuchelewa.

Kabla ya kuiamini taa, yafaa kuipima. Ufunguo ukizungushwa bila kuwasha injini, taa nyekundu za oili na za betri hazina budi kuwaka, kisha zizimike mara injini inapoanza kufanya kazi. Taa isiyowaka hapo mwanzo ni mlinzi aliyelala: huenda balbu imeungua, waya umekatika, au mtu ameiondoa balbu makusudi ili kumficha mnunuzi ugonjwa wa gari. Ukaguzi huu huchukua nukta chache tu, wala haugharimu kitu.

1. Taa ya oili

Ndani ya injini, kranki huzunguka katika beringi zake mara elfu kadhaa kwa dakika. Vyuma hivyo havipaswi kugusana. Pampu husukuma oili katikati yao, ikafanya utando mwembamba unaobeba mzigo wote. Kinachohitajika hapa ni kanieneo, yaani kani inayosukuma kila kipimo cha eneo. Injini ikiwa katika mwendo wa kawaida, kanieneo ya oili aghalabu huwa kati ya kilopaskali 200 na 400. Swichi ya taa huwekwa ili ifunge mzunguko wa umeme kanieneo inaposhuka hadi kiasi cha kilopaskali 30 hadi 50. Linganisha tarakimu hizo, msomaji, nawe utaona kwamba taa inapowaka sehemu kubwa ya kinga imekwisha kupotea. Kuendesha gari dakika chache zaidi kwaweza kuyeyusha beringi na kuiua injini nzima.

Chanzo chaweza kuwa kimojawapo cha vinne: oili imepungua, oili imekuwa nyepesi mno kwa joto au kwa uzee, beringi zimelika, nafasi ikapanuka na oili ikatoroka upesi, au swichi yenyewe imeharibika. Fundi mwenye busara huanza na lile lisilogharimu. Huzima injini, hungoja oili ishuke, kisha huchomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa ya kutosha, huifungua swichi na kufunga mahali pake geji halisi ya kanieneo. Geji ikionyesha kanieneo nzuri, mgonjwa ni swichi. Ikionyesha kanieneo ndogo, hapo ndipo injini hufunguliwa.

Katika gari lililotembea sana, taa hii aghalabu humetameta injini ikiwa moto na ikizunguka polepole. Wengine hutia oili nzito zaidi, taa ikazimika, wakaridhika. Huko ni kuinyamazisha dalili. Beringi zilizolika hubaki vilevile.

2. Taa ya joto

Shuleni hufundishwa kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 za Sentigredi. Hiyo ni kweli penye usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 773 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni karibu kilopaskali 92, na maji huchemka katika nyuzi 97 hivi. Kadiri gari linavyopanda kuelekea milima ya Kasulu, kanieneo ya hewa huzidi kupungua, na maji huchemka mapema zaidi, wakati uleule injini inapofanya kazi ngumu zaidi.

Kifuniko cha rejeta ndicho dawa ya tatizo hili. Kifuniko chenye springi ya kilopaskali 90 huongeza kanieneo ndani ya rejeta hata maji yasichemke mpaka yafike nyuzi 117 hivi. Springi ikilegea, au mpira wa kifuniko ukipasuka, maji huchemka na kutoroka ingawa rejeta, pampu na feni ni nzima. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo. Ni vizuri kikaguliwe kabla ya kuilaumu rejeta. Kwa sababu hiyohiyo ni marufuku kukifungua injini ikiwa moto. Maji yaliyozidi nyuzi 97 yakiondolewa kanieneo ghafla hugeuka mvuke papo hapo, na kuchoma uso na mikono.

Tena kuna hadaa moja. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki katika hewa, na mshale waweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda si habari njema. Dereva asimame, azime injini, aiache ipoe yenyewe. Kumwagia maji baridi injini iliyo moto kwaweza kupasua silinda hedi, kwa kuwa chuma husinyaa upande mmoja kabla ya mwingine.

Hapa pana swali linalowahusu hasa wakazi wa ufukweni: je, maji ya ziwa yafaa kutiwa katika rejeta? Kwa macho maji hayo ni safi sana. Lakini pH yake ni karibu 9, maana yake yana ualikali, nayo yamebeba bikaboneti pamoja na magnesi na kalsi. Bikaboneti ya kalsi ikipashwa moto huvunjika hivi:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Kaboneti ya kalsi haiyeyuki kwa urahisi. Hujenga ukoko mweupe ndani ya mirija, kama ule uonekanao katika birika la siku nyingi, na ukoko huo huzuia joto kutoka. Zaidi ya hayo, utando wa oksidi unaolinda alumini huanza kuyeyuka pH inapozidi 8.5 hivi, na injini nyingi zina silinda hedi ya alumini. Kwa hiyo maji ya ziwa yatumike wakati wa dharura tu, kwa kuwa ni heri kuliko kwenda bila maji. Kisha yamwagwe, rejeta isuuzwe, na kutiwa maji yaliyokenekwa pamoja na kulanti kwa kipimo alichoagiza mtengenezaji.

3. Taa ya betri

Katika magari mengi ya zamani, balbu ya betri imeunganishwa kati ya betri na altaneta. Mkondo wa umeme hupita penye tofauti ya volti. Altaneta ikiwa haifui umeme, upande wa betri una volti 12 na zaidi na upande wa pili hauna kitu. Mkondo hupita na balbu huwaka. Altaneta ikifanya kazi, pande zote mbili hulingana, tofauti hutoweka, balbu huzimika.

Voltimita ndogo yatosha kuthibitisha jambo hili. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiwashwa, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kikibaki palepale, kagua mkanda kwanza, kisha waya, kisha brashi za kaboni ndani ya altaneta, ambazo hulika kwa umri.

Mwanafunzi azingatie pia taa zinazowaka pamoja. Katika magari mengi mkanda mmoja huzungusha altaneta na pampu ya maji. Taa ya betri ikiwaka, na dakika chache baadaye ile ya joto nayo ikawaka, hapana haja ya kutafuta magonjwa mawili. Chanzo kimoja chaeleza dalili zote mbili: mkanda umekatika au umelegea.

4. Taa ya breki

Dereva akiona taa hii huku breki ya mkono imekwisha kuachiliwa, atazame chupa ya mafuta ya breki. Kiwango huweza kushuka polepole kwa kuwa pedi zimelika, au upesi kwa kuwa pana uvujaji. Kuongeza mafuta bila kutafuta sababu ni hatari.

Ipo hatari nyingine ambayo taa hii haiioni kabisa. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Gari lililojaa abiria likiteremka kutoka nyanda za juu kuelekea ziwani, breki zikikanyagwa mfululizo, mafuta ya zamani huweza kuchemka. Kimiminiko hakishindiliki, bali mvuke hushindilika. Pedali huzama hadi chini na gari halisimami. Chupa imejaa na taa haikuwaka. Ndiyo sababu mafuta ya breki hubadilishwa kwa kufuata kalenda, aghalabu kila miaka miwili, na mteremko hushukwa kwa gia ndogo.

5. Taa ya manjano ya injini

Magari ya tangu miaka ya 1990 mengi yana kompyuta inayosimamia petroli na cheche. Ikiona jambo lisilo la kawaida huwasha taa ya manjano na kuhifadhi namba ya hitilafu. Namba hiyo nayo ni dalili. Kwa mfano, kompyuta huweza kuandika kwamba hewa imezidi. Petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa kwa kila kilo moja ili iungue sawasawa. Fundi mwenye haraka hununua sensa mpya ya oksijeni, kumbe sensa imesema kweli: bomba la mpira limepasuka na linavuta hewa, au pampu ya petroli imechoka. Taa hii ikiwaka na kuzimika mfululizo, silinda mojawapo haichomi petroli vizuri. Dereva apunguze mwendo na gari likaguliwe upesi.

Matengenezo kabla ya taa

Ziwa Tanganyika lina ushahidi mkubwa wa faida ya kinga. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa tena Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitwaliwe na adui. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni vikutane. Grisi iliyazuia maji na oksijeni yasikifikie chuma. Meli ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo yake ilionekana kuwa bado yafaa, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa mwenye gari, kinga hiyo ni oili na chujio vibadilishwe kwa wakati, na chujio la hewa likaguliwe mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi, vumbi linapotanda barabarani. Moshi nao usomwe: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi hewa, na mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni maji yanayoingia silinda.

Chombo bora kuliko vyote ni daftari. Kila juma dereva aandike kilomita, oili na maji aliyoongeza. Gari lililokuwa likila nusu lita ya oili kwa kilomita 1,000, kisha likala nusu lita kwa kilomita 500, limekwisha kusema shida yake, ingawa hakuna taa iliyowaka.

Zoezi

1. Chemsha mara kadhaa, katika sufuria mbili, maji ya ziwa na maji ya mvua yaliyo sawa kwa ujazo. Linganisha ukoko, ueleze tofauti kwa kemia.
2. Chora mzunguko wa taa ya oili. Eleza kwa nini waya ukikatika taa haitawaka kamwe.
3. Gari limeonyesha taa za betri na joto kwa pamoja, lakini mkanda ni mzima na umekaza. Orodhesha vipimo vinne utakavyovifanya, ukianza na kile kisichogharimu, na utoe sababu ya mpangilio wako.