SOMO: MTUMISHI AANDALIWE KABLA YA KUWEKEWA MIKONO

Maandiko ya kusoma nyumbani: Matendo 18:1-3, 24-26, 1 Timotheo 3:1-7, 5:22, 2 Timotheo 2:2



Huku ukimbizini waumini ni wengi na wachungaji ni wachache. Ndiyo maana tunajaribiwa kumwekea mikono upesi kila ndugu anayejua kuhubiri. Paulo alimwonya Timotheo juu ya haraka hiyo. Apolo alikuwa msemaji hodari, lakini alikubali kufundishwa zaidi na Prisila na Akila. Nao walikuwa akina nani? Mafundi wa mahema, walioondoka Rumi kwa amri ya Kaisari. Basi waliofukuzwa kwao wanaweza kumwandaa mtumishi wa Mungu.

Wengine watauliza: tutasomaje? Chuo kiko mbali, ada hatuna, na katika kambi nyingi mtu hatoki bila kibali. Tuangalie kanisa moja lililokutana na shida ya namna hiyo.

1. Chuo kilichowafuata wanafunzi

Kanisa la Presbiteri la Guatemala, Amerika ya Kati, lilikuwa na chuo cha wachungaji mjini. Mwaka 1962, baada ya miaka 25 hivi, walihesabu wakakuta ni wanafunzi 10 tu wa chuo hicho waliokuwa bado wachungaji. Vijana waliozoea mji waliona vigumu kurudi vijijini. Nao wazee waliokuwa tayari wakiongoza makanisa hawakuweza kuacha mashamba na watoto waende bweni.

Mwaka 1963 walibadili utaratibu. Mwanafunzi alibaki kwake, akasoma vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya kujifunza peke yake, na mwalimu akamfuata kwa siku zilizopangwa. Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler walikuwa miongoni mwa walioanzisha kazi hiyo. Njia hiyo, elimu ya theolojia kwa enezi, ilienea hadi Afrika.

2. Mfano wa uzio

Mwalimu Mmarekani Ted Ward aliifananisha na uzio. Mti mmoja wa kulala ni masomo ya kitabuni. Mti wa pili ni kazi katika kanisa: kuhubiri, kutembelea wagonjwa, kuzika, kupatanisha. Nguzo ni siku ya kukutana na mwalimu, ambapo kitabu na kazi hufungwa pamoja. Ukiondoa nguzo, miti yote miwili huanguka. Kwa hiyo kugawa vitabu peke yake hakutoshi.

3. Sisi tufanye nini?

(a) Tumchague mtu anayejulikana. Majirani na watu wa nyumbani mwake wamshuhudie.

(b) Tuweke siku moja ya kila juma ya kukutana na mwalimu, isiyovunjwa ovyo.

(c) Tumsaidie mwanafunzi. Siku ya darasa, wengine wamlimie au wamtekee maji.

(d) Tuandike kila somo alilomaliza, tarehe, na sahihi ya mwalimu. Nakala moja ibaki kanisani, nyingine kwake. Wengi wetu tulipoteza vyeti katika vita. Siku ya kurudi nyumbani au kupelekwa nchi nyingine, karatasi hizo zitamsaidia mbele ya kanisa litakalompokea.

(e) Tukumbuke kwamba kumaliza masomo si kuwekwa wakfu. Kanisa lenye mamlaka ndilo litakalompima na kumwekea mikono. Asipopewa daraja hilo, elimu yake haikupotea, atafundisha wengine.

Maswali ya kujadili katika familia

1. Mchungaji asiyefundishwa anaweza kuleta madhara gani kwa watu waliofiwa na walioumizwa?
2. Nani kati yetu anafaa kuandaliwa? Tumpunguzie mzigo gani?

Tuombe: Bwana wa mavuno, utupe watenda kazi, na utupe sisi uvumilivu wa kuwaandaa. Amina.