Chora Sura Yako Mwenyewe

Hebu tuambizane ukweli: ukijitazama kwenye kioo, unaona nini kwanza? Wengi wetu tunaona chunusi. Au pua "kubwa", au masikio "kama sahani". Sura nzima hatuioni kabisa! Leo tutaitazama kwa penseli.

Vifaa: karatasi, penseli, raba na kioo kidogo. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke upande mmoja.

Hatua ya 1. Chora umbo la yai, upande mwembamba uwe chini. Katikati kabisa piga mstari mwepesi wa kulala. Macho yanakaa hapo. Usibishe, pima kwa vidole! Wengi huyapandisha hadi kwenye paji kwa sababu wanasahau utosi.

Hatua ya 2. Upana wa kichwa ni kama macho 5. Kati ya jicho na jicho acha nafasi ya jicho moja.

Hatua ya 3. Pua inaishia nusu ya njia kutoka macho hadi kidevu. Masikio yanaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua.

Hatua ya 4. Vipimo hivyo ni vya wastani tu, hakuna mtu aliyeumbwa kwa rula. Sasa tazama kioo na urekebishe: jicho moja dogo kidogo? Kovu? Chora unachokiona, siyo unachokitamani. Mwisho tia kivuli upande usio na mwanga.

Aliyejichora kitandani

Mwaka 1925 basi alilopanda msichana wa Meksiko, Frida Kahlo, liligongana na tramu. Alikuwa na miaka 18. Alivunjika uti wa mgongo, akalala kitandani miezi mingi. Juu ya kitanda kiliwekwa kioo, naye akaanza kujichora. Nyusi zake zilikaribia kuungana, na juu ya mdomo alikuwa na vinyweleo. Hakuvificha. Leo dunia inamtambua kwa nyusi hizo hizo.

Na chunusi je?

Wakati wa kubalehe homoni huongeza mafuta kwenye ngozi, vitundu vinaziba, chunusi zinatoka. Siyo uchafu wala tabia mbaya. Nawa mara 2 kwa siku kwa maji na sabuni laini, na usizitumbue, zitaacha makovu. Zikizidi, nenda kituo cha afya. Mkorogo achana nao: baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo.

Jadilini darasani

1. Ni sehemu gani ya uso ilikushangaza ulipoichora? Kwa nini?
2. Mwenzako akitaniwa kwa sura yake kila siku, utafanya nini?

Ukimaliza, andika tarehe nyuma ya mchoro na uutunze. Mwaka ujao chora tena, ulinganishe. Sura itakuwa imebadilika. Je, jicho lako la kujitazama nalo?