SOMO LA KIKUNDI: TUZIJUE PEPO NA MVUA ZETU

Kwanza mmoja wenu asome Mhubiri 3:1-2. Kisha mwenyekiti aulize: nani kati yetu amewahi kupanda mbegu mara mbili kwa msimu mmoja? Ilikuwaje?

Hapa Malindi na Kilifi mwaka wetu huongozwa na pepo mbili.

KASKAZI (Desemba hadi Machi). Jua kali, mvua chache, bahari shwari. Wavuvi hupata, basi michango ya kikundi ikusanywe sasa. Wakulima wafyeke mashamba.

MASIKA (mwisho wa Machi hadi Juni). Upepo unageuka. Hii ndiyo mvua yetu kubwa, na mwezi wa Mei huwa nyingi zaidi. Tupande mahindi.

KUSI (Mei hadi Septemba). Baridi kidogo, mawimbi makubwa. Mvua inapungua polepole.

VULI (Oktoba hadi Desemba). Mvua hii usiitegemee sana. Mwaka 2021 ilikosekana, watu wa Ganze wakaumia kwa ukame. Mwaka 2023 ikaleta mafuriko hadi Magarini. Tupande vitu vya haraka, kama pojo na kunde, na muhogo uwe akiba.

Tena kumbukeni: ukiacha ufuo na kuingia bara, mvua hupungua. Jirani wa ufuoni akipanda, si lazima nawe upande siku hiyo.

MVUA YA KUDANGANYA
Mvua ya kwanza ikinyesha siku moja, wengi hukimbilia shambani. Jua likirudi wiki mbili, mbegu imekwisha! Hebu chimba kwanza. Udongo ukiwa umelowa kina cha shibiri moja, panda. Ukiwa mkavu chini, ngoja.

TUPIME WENYEWE
Wekeni mkebe wenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi pimeni maji kwa rula, katibu aandike, kisha mwageni. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Kwa hiyo bati la mita 4 kwa 5 likipata milimita 10, hutoa kama lita 200: pipa zima! Mama atasalimika na safari ya kisimani.

TUJADILIANE
1. Masika iliyopita ilianza lini kwetu?
2. Nani atatunza mkebe na daftari?
3. Ni nyumba gani itakayowekwa mfereji wa bati kwanza?