Maana ya Faraja na Taazia

Neno faraja twalitamka kila siku, lakini asili yake ni wachache waikumbukao. Ni neno la Kiarabu, na shina lake ni kupasua, kufanya mwanya. Katika Sura Qaf, aya ya 6, mbingu yasifiwa kuwa haina nyufa, na neno lililotumiwa hapo kwa nyufa ni la shina hilo hilo. Basi aliyepata faraja ni yule aliyezingirwa na dhiki pande zote, kisha akafunguliwa upenyo.

Taazia ni jengine. Hilo latokana na azaa, yaani subira; kumpa mtu taazia ni kumtia subira. Waingereza nao neno lao “comfort” asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa kutia nguvu, ijapokuwa leo hulitumia hata kwa kiti chenye mto.

Sasa na tutazame matendo yetu. Mwaka wa 8 wa Hijra, Jaafar bin Abi Talib alipouawa Mu'ta, Mtume (S.A.W.) aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula, kwani wamefikwa na la kuwashughulisha. Kwetu mambo yamepinduka: kizuka hukopa mchele na nyama awalishe waliokuja kumpa pole, na arubaini hufika deni lingali dukani. Ni upenyo gani aliofunguliwa huyu, na ni nguvu gani aliyotiwa? Na marehemu akiwa ameacha watoto wadogo, mara nyingi deni hilo hulipwa kwa mali ya mayatima.