Vita Ndani ya Tumbo la Mbu

Bila shaka umepata kumwona muuguzi akimwaga maji ya oksijeni juu ya kidonda. Mara hutoka povu jeupe. Povu hilo latoka kwa sababu damu yako ina kitu kiitwacho katalasi, nacho huvunja ukali wa dawa hiyo mpaka hubaki maji na hewa tu. Lishike neno hili la katalasi, maana mbu naye anayo.

Mbu jike wa malaria akinywa damu yako usiku, anameza na chuma kilichomo. Damu inaposagwa, chuma hicho huzaa ukali wa oksijeni, kama ule wa maji ya kidonda, nao waweza kuunguza tumbo lake mwenyewe. Kwa hiyo mwili wake huongeza vizima-ukali, katalasi ikiwamo. Muumba hakumwacha hata mbu bila kinga!

Sasa, damu ikiwa ya mgonjwa wa malaria, baada ya siku moja hivi vijidudu hupenya ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka 2008 wataalamu walieleza waliyoyaona humo. Walitumia kijidudu cha malaria ya panya, kile ambacho Vincke na Lips walikipata mwaka 1948 katika panya wa Katanga, nchini mwetu Kongo. Waliona vizima-ukali kadhaa vikiongezeka kupita vile vya damu safi, lakini katalasi ya tumboni haikuongezeka. Ni kama mbu anauacha moto uwake pale adui anapopita. Walipoipunguza katalasi zaidi, vijidudu vingi zaidi vilikufa. Tena mbu wenyewe walikufa wengi, na walipopewa kizima-ukali cha kunywa, vifo vilipungua.

Basi mbona twaugua? Kwa kuwa kijidudu kimoja tu kikisalia, huvimba ukutani mwa tumbo na kuzaa maelfu, nao huenda mpaka kwenye mate ya mbu. Penye joto kazi hiyo huchukua kama siku 10 hadi 14, baridi huichelewesha. Ndiyo maana juu katika vilima vya Masisi, kwenye malisho ya ng'ombe, malaria si kali kama katika msitu wa Walikale. Wewe mama unayeshuka na maharagi yako ukarudi na mawese, chukua chandarua chenye dawa. Mwili wako haujazoea malaria ya bondeni.

Nimeingia nyumba nyingi nikakuta baba amelala ndani ya chandarua, na mtoto mwenye homa yuko nje yake kando ya moto. Huyo mtoto ndiye mbu watakayechukua vijidudu kwake na kuwapelekea jirani. Mwingize ndani usiku huo. Asubuhi mpeleke kituo cha afya, achomwe kidole, damu ipimwe. Lakini akishikwa na degedege au akishindwa kunyonya, usingoje asubuhi. Akipewa vidonge vya siku 3, avimalize vyote, hata kama homa imeshuka siku ya pili.