SOMO LA MATAWI: BENDI, GARI NA MWENYE VYOMBO



Somo letu safari hii linahusu wapigaji muziki wa mabendi madogo, wale wanaozunguka mashambani na viwandani kwa gari moja, watu na vyombo wamebanana pamoja. Mwingine atauliza: gazeti la chama cha wafanyakazi lina shughuli gani na magitaa? Jibu ni kwamba yule kijana anayepiga besi usiku kucha mwisho wa mwezi ni mfanyakazi kama wewe unayechuma chai au unayesimama kwenye mashine. Anauza nguvu zake. Wewe una kadi ya chama, na kuna makubaliano ya mshahara yaliyotiwa sahihi. Yeye hana kadi, hana makubaliano, na mara nyingi hajui atalipwa nini mpaka kumepambazuka.

Tena hesabu ya bendi ni fupi. Kiwandani pesa hupita katika ofisi nyingi hata mtu haoni zinakoishia. Bendi ina watu kumi na gari moja. Ukiielewa hesabu yake, utaanza kuielewa na ya kiwanda.

1. KAZI YENYEWE

Watu huiona bendi saa tatu ya usiku, taa zimewaka. Hawaioni asubuhi inapofunga spika juu ya keria na kuzifunika kwa turubai ili mvua isiingie. Hawaioni njiani, wapigaji wanaposukuma Hiace kwenye matope huku wameshika magitaa mikononi yasivunjike. Wakifika, wanapakua, wanafunga nyaya, wanatafuta umeme, na umeme usipokuwepo wanawasha jenereta. Wanapiga mpaka saa tisa au kumi ya alfajiri. Halafu wanafungua nyaya, wanapakia tena, na wengine wanalala ndani ya gari.

Ukihesabu saa za jukwaani tu, ni saba. Ukihesabu kupakia, kusafiri, kupakua na kupakia tena, zinafika kumi na sita. Mwenye bendi hulipa zile saba, au hulipa usiku mmoja, basi.

Furaha yake ipo pia, tusiifiche. Ukumbi ukijaa na watu wa makabila yote ya kambini wakicheza pamoja, mpigaji husahau matope ya njiani. Wako vijana wengi walioacha vibarua vya kukata miwa wakaifuata bendi kwa sababu hiyo. Lakini furaha ya kazi si malipo ya kazi. Mwalimu naye anapenda watoto, na bado anadai mshahara.

2. HESABU YA SAFARI MOJA

Tuchukue mfano. Bendi ina wapigaji tisa na dereva mmoja, jumla watu kumi. Inapiga siku tatu mwisho wa mwezi. Kiingilio ni shilingi 5,000, na mwenye baa anachukua pesa ya vinywaji tu. Ijumaa wameingia watu 60. Jumamosi wameingia 180. Jumapili mvua imenyesha, wameingia 40. Jumla watu 280, pesa ya mlangoni shilingi 1,400,000.

Sasa matumizi:
Petroli lita 80, tuseme lita moja shilingi 5,000: 400,000.
Chakula na malazi ya watu 10 kwa siku tatu, 10,000 kwa mtu kwa siku: 300,000.
Matangazo: 60,000.
Pancha na matengenezo madogo ya gari: 40,000.
Nyuzi za magitaa na waya: 30,000.
Jumla ya matumizi: 830,000. Inabaki 570,000.

Mwenye gari na vyombo anachukua nusu ya inayobaki, yaani 285,000. Nusu nyingine inagawanywa kwa watu kumi. Kila mmoja anapata 28,500 kwa siku tatu, sawa na 9,500 kwa siku.

Je, mvua ingenyesha na Jumamosi, wakaingia watu 60 badala ya 180? Mlangoni pangepungua shilingi 600,000. Bendi ingekuwa na upungufu wa 30,000. Hapo mwenye vyombo hasemi, "Hasara hii tugawane nusu kwa nusu." Anaiandika kwenye daftari kuwa ni deni la wapigaji, litakatwa safari ijayo. Faida inagawanywa, hasara haigawanywi. Hili ndilo jambo la kwanza la kulishika katika somo hili.

Lakini tuseme kweli yote. Zile 285,000 si za bure zote. Gari linachakaa, tairi zinakwisha, na siku moja injini itakufa. Mwenye mali lazima aweke pesa ya siku hiyo. Swali la haki si kwa nini anachukua. Swali ni kiasi gani, na je, wapigaji wanaliona daftari?

3. NJIA TATU ZA KUMILIKI BENDI

Historia ya nchi zetu inatuonyesha njia tatu.

Ya kwanza ni bendi ya tajiri. Ananunua vyombo, anaita wapigaji. Mwaka 1985 Dar es Salaam, Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki wakubwa wa Mlimani Park, akiwemo mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, ikaundwa International Orchestra Safari Sound. Tajiri mwenye pesa anaweza kuinua mshahara kwa siku moja. Lakini anayeweza kuanzisha bendi kwa siku moja anaweza pia kuifunga kwa siku moja.

Ya pili ni bendi ya chama au shirika. Hapa sisi watu wa vyama tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz Band. Wapigaji walikuwa waajiriwa wa chama, wenye mshahara wa mwezi. Mvua ikinyesha au isinyeshe, mshahara ulikuwepo. Chama kilipobadilika jina kuwa JUWATA, na baadaye OTTU, bendi nayo ilibadilika jina. Watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Hata hivyo, mwaka 1978 Gurumo aliiacha bendi hiyo, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar, ambayo kwanza ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Baada ya safari zake zote Gurumo alirudi kwenye bendi ile ile ya chama. Alifariki mwaka 2014.

Ya tatu ni bendi ya wapigaji wenyewe. Orchestra Maquis du Zaire ilitoka Kamina, ikapita Uganda, ikafika Dar es Salaam mwaka 1972. Wanamuziki wake waliunda kampuni yao, OMACO. Tukirudi kwenye mfano wetu: kama gari na vyombo ni vya wapigaji, zile 570,000 ni zao zote. Wakiweka 100,000 kwenye mfuko wa gari na 70,000 kwenye mfuko wa ugonjwa, zinabaki 400,000. Kila mtu anapata 40,000 badala ya 28,500, na mfukoni mna 170,000. Ila injini ikifa, hakuna tajiri wa kumlilia. Wakizila zile 170,000 kila mwezi, bendi itakufa siku moja na gari.

4. KWA NINI MABENDI HUVUNJIKA

Watu husema mabendi huvunjika kwa wivu na wanawake. Maneno hayo ni mepesi. Ukitazama vizuri utaona mambo matatu.

Kwanza, mgawanyo kati ya wakubwa na wadogo. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga, Wilson na George, walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, wakavuka mpaka Kenya mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika mjini Mombasa, kisha wakahamia Nairobi. Mwaka 1978 mpiga rithimu Omar Shabani na wenzake waliondoka, wakaunda Les Wanyika. Huko huko Nairobi, mwaka 1976, wapigaji wa Baba Gaston walimwacha wakaunda Les Mangelepa. Waliotoka si wenye majina kwenye mabango. Ni wapigaji wa nyuma, ambao bila wao bango halina sauti. Mfanyakazi asiye na pa kusemea malalamiko yake husema kwa miguu: huondoka.

Pili, mambo yaliyo nje ya bendi. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, kila gari la bendi liliumia. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, haukufunguliwa tena mpaka 1983. Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri. Viwanda vilikuwa Nairobi. Hivyo kufungwa kwa mpaka kulikuwa kufungwa kwa mlango wa mapato.

Tatu, mashine. Siku hizi mtu mmoja mwenye kompyuta na spika mbili anakuja kwa pikipiki, anapiga muziki wa dunia nzima, na mwenye baa anamlipa mtu mmoja badala ya kumi. Ninyi mnaoona mashine za kuchuma chai zikiingia shambani mnalijua jambo hili bila kufundishwa.

5. YALIYOTOKEA SHAMBANI KWETU

Miaka michache iliyopita, nikiwa katibu wa tawi kwenye shamba moja la chai magharibi ya Uganda, bendi moja ya vijana ilikuja siku ya mshahara. Walipiga usiku mmoja. Asubuhi, wakati wa kupakia, spika ilianguka kutoka kwenye keria ikaponda vidole vya mpiga dramu. Siku hiyo hiyo giaboksi ya gari ikafa.

Mwenye vyombo alipigiwa simu. Alikuja na pikapu, akapakia vyombo vyake, akataka kuondoka. Tulipomwuliza habari za yule majeruhi alijibu: "Mimi sikuajiri mtu. Mimi nilikodisha vyombo tu."

Ndugu zangu, maneno hayo tuliyajua. Ndiyo maneno ya kontrakta wa vibarua anapoumia mtu: huyu si wangu, ni wa kampuni. Na kampuni inasema: huyu si wetu, ni wa kontrakta.

Tawi lilichanga nauli, vijana wakarudi kwao. Kisha tulikwenda kwa ofisa wa kazi. Hakutaka kujua bendi inapiga muziki gani. Aliuliza mambo matatu: Nani anapanga siku na saa za kazi? Vyombo vya kazi ni vya nani? Pesa inafika kwanza mkononi mwa nani? Majibu yote matatu yalikuwa mtu yule yule. Lakini hapakuwa na karatasi hata moja, wala daftari la malipo. Baada ya mazungumzo marefu mwenye vyombo alilipa gharama za hospitali. Siku ambazo kijana alikaa bila kazi hazikulipwa mpaka leo, na vidole viwili havikunjiki tena vizuri.

6. MAMBO YA KUANDIKA KABLA GARI HALIJAONDOKA

Wapigaji wengi wanaogopa karatasi, wanasema italeta ugomvi. Kinyume chake, ugomvi unaletwa na maneno ya mdomo. Ukurasa mmoja unatosha, wenye haya:

(a) Gari na vyombo ni vya nani, na mwenyewe anachukua fungu gani.
(b) Matumizi gani yanatolewa kabla ya kugawana.
(c) Usiku wa hasara unabebwa na nani, kwa kiasi gani.
(d) Kima cha chini kwa kila mtu kwa usiku, dereva akiwemo, hata mvua ikinyesha.
(e) Mtu akiumia au gari likiharibika njiani, nani analipa matibabu na nauli ya kurudi.
(f) Wimbo ukirekodiwa, jina la mtunzi ni lipi na pesa yake inagawanywaje.
(g) Nani anashika daftari, na siku gani wote wanalikagua.

Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya wenzake, kisha atie dole gumba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mfano wetu, mwenye vyombo akichukua nusu, je, ni haki? Kama si haki, fungu gani lingefaa, na kwa sababu gani?
2. NUTA Jazz ilikuwa na mshahara wa mwezi, na bado wapigaji waliondoka. Mfanyakazi anataka nini zaidi ya mshahara?
3. Yale maswali matatu ya ofisa wa kazi yaulizeni kuhusu vibarua wa kontrakta katika shamba au kiwanda chenu. Majibu yanamwelekea nani?
4. Bendi ikija kwenu mwisho wa mwezi huu, tawi linaweza kufanya nini kabla ya muziki kuanza?

Katibu wa tawi aandike majibu ya wanachama, hasa swali la tatu, ayalete kwenye mkutano wa matawi. Na siku bendi itakapofika, baada ya kucheza, mwendeeni mpiga dramu mmwulize kama ana karatasi. Kama hana, msomeeni mambo haya saba.