Usibadili jina la faili lako, mdogo wangu

Wadogo zangu wa Butembo na Beni, maswali yenu ya wachumba yangoje kidogo. Leo nasema na ninyi mnaosoma informatiki, hasa mlioanza kutumia Git.

Shuleni mmeandika Kifaransa miaka yote, basi na mafaili yenu yana majina ya Kifaransa: reçus-café.csv, élèves.txt. Siku moja unaandika git status, mashini inakujibu "re\303\247us-caf\303\251.csv". Unashtuka, unadhani virusi vimeingia. Tulia. Jina ni zima kabisa kwenye diski, ni Git tu inavyolionyesha. Chombo hiki, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huona kila baiti isiyo ya ASCII kuwa ngeni na kuiandika kwa namba za mfumo wa nane. Katika UTF-8 herufi é ina baiti mbili, ndizo hizo 303 na 251.

Kuna watakaokuambia ufute alama zote, uandike recus-cafe yaishe. Mimi nakataa. Mama mwenye depo ya kahawa anataka kusoma risiti zake kama alivyoziandika. Andika hivi:

git config --global core.quotepath false

Rudia git status, majina yanasomeka. Yakibaki na alama za ajabu kwenye dirisha jeusi la Windows, Git haina kosa tena: dirisha halisomi UTF-8. Jaribu chcp 65001. Jina lenye alama ya nukuu mbili ndani yake litaendelea kufungwa ndani ya nukuu hata hivyo. Hapo usipoteze jioni yako. Na wewe unayeandika skripti ya kusoma majina, ongeza -z kwenye amri yako ya Git, usitegemee mpangilio wa mashini ya mtu.

Sasa hilo neno --global. Linagusa miradi yako yote kwenye mashini hiyo. Kama mashini umeazima, liondoe na uandike amri ukiwa ndani ya folda ya mradi, mpangilio ubaki humo humo. Lakini popote utakapouweka, hausafiri na mradi. Mwenzako wa Beni akiuchukua kwa git clone ataona namba zilezile, naye atataka kubadili majina ya mafaili yenu. Mtumie amri hii kabla hajaanza.